Samoni wa Kukhu

Nilimwambia nyanya yangu mgonjwa, kijiko kikiwa kimeshafika mdomoni mwake, kwamba samoni ni kuku wa majini. Naliweka hilo hapa juu kabisa, kabla mtu mwingine wa nyumba yetu hajawasimulia kwa njia yake, maana kwa njia yao mimi hutoka mjinga zaidi ya nilivyokuwa.

Tunakaa upande wa Navakholo, kando ya barabara ya murram, mahindi mbele ya nyumba na miwa nyuma. Baba yangu hufanya kazi kwenye mizani ya kupimia miwa, hulala huko huko, na nyumbani humwona Jumamosi. Ndugu zangu walikuwa shule za bweni. Mimi nilitembea kwenda shule ya kutwa na kurudi, kwa hiyo mwaka huo wa tisini na tano tulikuwa watatu tu bomani: Mama, mimi, na nyanya, mama yake baba, ambaye tulimwita Kukhu kama kila mtu wa kwetu anavyomwita nyanya yake. Alikuwa na nyumba yake ya udongo na nyasi nyuma ya yetu. Baba alitaka kumwekea mabati, akakataa. Alisema mvua ikinyesha juu ya mabati mtu hawezi kusikia anayemsengenya.

Kwetu mjukuu na nyanya hutaniana, tena si ruhusa tu, ni kama kazi. Kukhu aliniita mume wake. Nikitoka shule alinidai sukari na kitambaa cha kichwa, kama mke aliyetelekezwa. Nilimwambia nimepata msichana mwingine, mwenye meno.

"Mlete," alisema. "Nitamweleza vile unakoromanga."

Sasa hao samaki. Senge, yaani dada yake baba, anafanya kazi Kanada, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Krismasi alikuja na mikebe ya samoni, kila mkebe una picha ya samaki akiruka juu ya maji, na maneno ya Kiingereza upande mmoja na ya Kifaransa upande wa pili. Mama aliipanga kwenye kabati la vioo karibu na vikombe vya wageni. Kitu kizuri kwetu hungoja mgeni. Lakini mgeni akija huchinjiwa kuku, kwa hiyo mikebe ikaendelea kungoja.

Usiku mmoja wa Krismasi hiyo, Kukhu akiwa ameshakwenda kulala, senge alitusimulia kuhusu samaki huyo. Alikuwa amewaona kwa macho yake, yeye na wenzake wa kazini, wamesimama ukingoni mwa mto. Huzaliwa mtoni, kwenye maji baridi na changarawe. Akikua kidogo huteremka mpaka baharini na kukaa huko miaka, akila vidudu vidogo vya rangi nyekundu, na hao vidudu ndio humtia nyama rangi ile ya papai lililoiva. Kisha siku moja hurudi. Hurudi mto ule ule, kwa kunusa maji, na kupanda maporomoko kwa kuruka. Niliuliza kama njiani huwa anauliza watu njia. Senge akamgeukia Mama, akauliza kama nafanya vizuri shuleni.

Mvua ndefu ilipoanza, Kukhu akaugua. Ilianza kama malaria, ikashuka kifuani. Homa ikaondoka, lakini hamu ya kula haikurudi. Daktari wa zahanati alikuja mpaka nyumbani, akamwinua mkono na kuushika kama mtu anayepima fimbo, akauweka chini taratibu. Nje, chini ya paa, alimwambia Mama:

"Dawa imemaliza kazi yake. Iliyobaki ni ya chakula. Asipokula, sioni akimaliza mvua hii."

"Nimpe nini?"

"Kitu laini, chenye nguvu na mafuta. Mayai. Supu ya kuku."

"Hali mayai," Mama akasema. "Kuku pia hali."

Daktari hakuwa mtu wa kwetu, ikabidi aelezwe. Wanawake wa rika la Kukhu hawakula kuku wala yai. Walikatazwa wakiwa wasichana na wakaolewa na katazo hilo. Baadaye kanisa likasema vyakula vyote ni halali, na wengi wakaanza kula, wengine kwa kujificha nyuma ya jiko, wengine waziwazi. Kukhu hakuanza. Alifuga kuku maisha yake yote, akawachinjia wageni, wakwe na mapasta, akakaanga, akaonja chumvi ya mchuzi kwa kunusa tu. Mtu amepika kuku kwa miaka ambayo mimi siwezi kuhesabu, na hajui ladha yake. Nikifikiria hilo mpaka leo nakosa la kusema, na mimi si mtu wa kukosa la kusema.

Mama ni wa rika lingine, na alikulia mjini Kakamega. Juma la kwanza la ndoa yake alikula paja la kuku mezani, mbele ya mama mkwe wake, bila hata kujua kuna neno. Kukhu aliacha kula alichopika Mama, muda mrefu, mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa na wakapatana. Kupatana kwao kulikuwa kwa kweli. Lakini Kukhu hakusahau, aliacha tu kulitaja.

Tena kulikuwa na macho ya watu. Mama mkwe akikonda mikononi mwa mke wa mwanawe, majirani hawaulizi ni ugonjwa gani. Mama alilijua hilo. Nilimwona akitembea na sahani ya Kukhu uani akiifunika kwa kitambaa, ili anayepita barabarani asione imerudi imejaa.

Ndipo akaikumbuka mikebe. Aliushusha mmoja kabatini, akanipa nisome. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, protini, mafuta, kalsiamu, vitamini D.

"Soma kama mtu," Mama akasema. "Hiyo ya mwisho ni ya nini?"

"Ya mifupa. Mwalimu wa bayolojia alisema mtu huipata kwenye jua. Ama kwenye samaki wa mafuta kama huyu."

"Kukhu hajaona jua tangu mvua ianze."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini na kuanza kuufungua mkebe kwa kisu. Harufu yake haikuwa kama ya samaki wa sokoni. Ilikuwa nzito, ya mafuta. Alipotaka kutoa mifupa nilimzuia, nikamwonyesha inavyopondeka kwa vidole. Akaiponda yote pamoja na nyama, akachanganya na obusuma, yaani ugali, laini na maji ya moto, akaonja, akafunga macho kidogo kama anayeomba.

Nyumbani kwa Kukhu nilitangulia mimi. Nilimkalisha, nikamwambia nimeshamwacha yule wa meno, anakula sana. Akacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Mtu aliyechekesha mara moja hudhani amepewa leseni.

Mama alipeleka kijiko. Kukhu alikitazama.

"Hii ni nini, rangi hii?"

"Ni samaki, mama."

"Samaki gani nyama nyekundu?" Lakini alikuwa ameshafungua mdomo, na kijiko kikaingia.

"Ni kuku wa majini, mke wangu," nikasema kutoka mlangoni. "Anataganga huko huko chini."

Kukhu aliacha kutafuna. Alikinga kiganja chini ya kidevu, akakitoa kile chakula polepole chote, kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe. Mimi hakuniangalia. Alimwangalia Mama.

"Hata sasa," akasema.

"Mama, huyu mtoto anacheza. Ni samaki, alileta binti yako."

"Mtoto husema mliyoficha," Kukhu akajibu, akajilaza, akageukia ukuta.

Nilijaribu kusema palepale kwamba ni utani. Kila nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kusikika kama niliyefundishwa la kusema. Mama alinisukuma nje kwa mgongo wa mkono. Sikupigwa. Aliosha kijiko, akakisugua kwa majivu, akakisuuza, akakisugua tena, na mimi nikasimama pale kama mti wa ua. Ningepigwa ningejua mahali pa kusimama.

Tangu siku hiyo Kukhu hakupokea kitu kutoka mkononi mwa Mama isipokuwa chai ya rangi, kwa sababu chai ya rangi unaweza kuona mpaka chini ya kikombe. Uji aliukataa. Mboga alizikataa. Mama alipeleka, akasubiri, akarudisha. Mimi nikimpelekea, aliuliza nani amepika.

Jumamosi baba akaja. Aliingia kwa mama yake, akakaa, akatoka amekaza uso.

"Anasema ameshiba," alimwambia Mama. "Mtu amebaki mifupa, anasema ameshiba. Umempa nini?"

Mama alikuwa akichambua mboga. Nilikuwa nimekaa pale pale, na ulimi wangu, ambao hauna lijamu siku zote, ulikuwa umelala. Nilingoja Mama aseme. Alikuwa na haki ya kusema.

"Nampa chakula," alisema. "Hataki."

Baba akaenda kurekebisha ua. Mama aliendelea na mboga zake, na nikaona majani mazuri anayatupa na mabovu anayatia sufuriani.

Jumapili mchana baba alikuwa ameondoka, na Mama akateremka kisimani. Nilichukua mkebe mwingine kabatini, kisu na sahani, nikaenda kwa Kukhu. Ndani mlikuwa na giza la saa ile ya mvua inayokuja, na harufu ya dawa ya kuchua.

"Mume wangu," akasema bila kufungua macho. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukiri."

"Leo Jumapili. Pasta alikuwa kanisani, ungemwambia yeye."

"Kukhu, nilikudanganya. Si kuku. Mama hakuficha kitu."

"Juzi kuku, leo samaki. Kesho utaniambia ni nyani."

"Nitaufungua hapa mbele yako. Usile. Uangalie tu."

Alifungua macho. Nilikichoma kisu kwenye bati na kukizungusha vibaya, nikajikata kidole gumba, nikakifyonza nikaendelea. Nilipomimina nyama sahanini, akanyoosha mkono nimwinue. Nilikaa nyuma yake kitandani aegemee kifua changu. Hakuwa na uzito wowote. Nimebeba mifuko ya shule mizito kuliko Kukhu siku ile.

Nililokuwa nimesahau ni kwamba Kukhu alizaliwa karibu na mto Nzoia. Kabla ya kuolewa, yeye na dada zake walitega samaki kwa vikapu, wakasimama majini mpaka kiunoni. Aliishika ile nyama kama anayejua anachotafuta. Aliigeuza upande wa ngozi, ile ya fedha na kijivu, akaikwaruza kwa ukucha. Aliibonyeza ikaachana vipande vipande, kila kimoja kimelala juu ya mwenzake. Kisha akaingiza kidole katikati na kutoa pingili moja ya uti wa mgongo, ndogo, ya mviringo, imebonyea pande zote mbili. Akaiweka kiganjani. Tukaitazama wote wawili.

"Kuku hana hii," akasema.

"Hana."

"Hata kuku wa huko kwao baridi hana hii."

Aliibana kwa vidole viwili na ikasagika. Alishtuka kidogo.

"Mbona inavunjika kama biskuti?"

"Hupikwa humo ndani ya mkebe mpaka mifupa inalainika. Inaliwa yote. Mwalimu anasema hiyo ndiyo inayojenga mifupa ya mtu."

"Mwalimu wako amewahi kuniona?"

"Bado."

"Basi aache kuahidi watu." Akanusa vidole vyake. "Huyu anatoka wapi?"

Nikamwambia. Niliyasema yale ya senge bila kuongeza kitu, na sidhani nimewahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Nilimwambia habari za mto na changarawe, za bahari, za vidudu vyekundu, za kurudi kwa kunusa maji. Nilimwambia jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, na baadaye wote wawili, jike na dume, hufa hapo hapo. Na kwamba akishaingia mtoni, katika safari yote ya kupanda, hali chochote.

"Hali?"

"Hali. Akishaonja maji ya mto wao, basi."

"Anaishi na nini?"

"Mafuta. Alikula sana baharini, akajiwekea mwilini. Ndiyo haya yanayong'aa sahanini. Huyu alivuliwa kabla hajayatumia."

Mvua ilianza juu ya nyasi, ile ambayo hata haipigi kelele. Kukhu alijifunika kanga, akainua mkono wake na kuutazama, ngozi inaning'inia kama shati la mtu mwingine.

"Huyo alijiwekea," akasema. "Mimi nimeanza safari mikono mitupu. Kwa hasira."

Mahali hapo kila mtu anayenijua angetarajia niseme kitu. Nilitafuta. Hakukuwa na utani popote kichwani mwangu, na moyo wake ulikuwa ukipiga mgongoni, nausikia kifuani mwangu, mwepesi na wa haraka.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kisimani."

"Akirudi, alete maji ya kunawa. Na kijiko alete yeye mwenyewe. Mikono yako ina damu."

Mama alikuja amelowa, mtungi ameuacha mlangoni. Aliona mkebe, akaniona, akaona sahani. Alimimina maji polepole na Kukhu akanawa mikono yote miwili, akipitisha kila kidole, kama mgeni aliyealikwa.

"Huyu mtoto wako ni mjinga," Kukhu akamwambia.

"Najua, mama."

"Ujinga huo umetoka kwenu."

"Ndiyo, mama."

"Kwetu hauko."

"Ndiyo," Mama akasema, na midomo yake ikatetemeka, sijui kwa kicheko au kwa nini. Akapeleka kijiko. Kukhu alikula. Alisema chumvi imezidi, akala tena. Hakula vingi, lakini vile vilivyoingia havikutoka.

Aliendelea kula. Mikebe ilipokwisha Mama alinunua omena, wale dagaa wa ziwani, akawakausha na kuwasaga wazima, kichwa na mifupa, akawatia kwenye uji, maana nao huliwa wote kama yule wa mkebe na hawahitaji kuvuka bahari. Kukhu alilalamika kila siku, na kila siku kikombe kilirudi kitupu. Mvua ilipopungua tulimtoa nje kwenye mkeka, akakaa juani miguu imenyooshwa, akiwatisha kuku wake kwa fimbo. Daktari alipita, akaushika tena ule mkono, safari hii akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliimaliza mvua ile.

Mahindi yalipokauka shambani, akaacha kula tena. Safari hii hakugeukia ukuta wala hakumwuliza mtu nani amepika. Mama alipeleka kijiko, Kukhu akamgusa kifundo cha mkono na kukishusha, taratibu, na wakakaa hivyo. Daktari alisema ni moyo, umechoka, na hakuna chakula cha hilo. Alikufa alasiri, Mama akiwa amemshika kichwa, mimi nikiwa nimetumwa kuchota maji. Kwa hiyo mume wake hakuwepo.

Kilio cha kwanza kilikuwa kimeshafika kwa majirani, na wanawake wakaanza kuonekana barabarani wamefunga leso kiunoni, wengine kutoka mbali, wale wanaoingia bomani wakiwa tayari na maswali. Mama alinivuta nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa makavu wakati huo. Alinishika bega, akaninyoosha kola ya shati, akasema:

"Watauliza kama alikuwa anakula. Mimi hawatanisikiliza, kwa hiyo uwajibu wewe. Waambie alikula, na alikula mkononi mwangu. Usiongeze kitu."